Mwenye Kadi Awemo Garini

Ofisi ya Usafiri na Maegesho ya Chuo Kikuu cha Wexler inawatangazia mashabiki, wahitimu na umma kwa jumla kwamba, kuanzia mchezo wa Jumamosi hii, eneo la maegesho lililokuwa likijulikana kama Eneo la Saba litajulikana kama Eneo la Kijani. Koni za rangi ya machungwa zitaondolewa na mahali pake patawekwa koni za kijani. Eneo lenyewe halitahama. Mashabiki wanaombwa kulipokea badiliko hili kwa ari ileile wanayoipokea timu yao.

Loren Petrak alilisoma tangazo hilo kwenye meza ya jikoni hadi mwisho, jambo ambalo si wengi mjini Wexler walilifanya, na alifanya hivyo kwa sababu kilichomhusu kilikuwa mwishoni. Pale chini, kwa maandishi madogo, ofisi ilikumbusha kwamba kadi za buluu za watu wenye ulemavu zingeendelea kukubaliwa katika Eneo la Kijani iwapo tu mwenye kadi yumo garini.

Kadi ya buluu ilikuwa ya baba yake. Mzee Emil Petrak aliipata alipovunjika nyonga, na alipohamia nyumba ya kutunzia wazee na gari lake kuuzwa, kadi ilibaki katika droo ya dashibodi ya gari la mwanawe, mahali ambapo vitu hubaki bila mtu kuamua vibaki. Kwa misimu miwili Loren aliitundika kwenye kioo kila siku ya mchezo, akaegesha karibu na lango la magharibi, akashuka na kutembea kwa hatua za mtu mzima mwenye afya. Hakuna aliyemuuliza. Msimu huu, katika mchezo wa kwanza, aliulizwa. Mhudumu wa lango, mama mmoja mstaafu aitwaye Verna Tuttle, aliinama dirishani, akatazama viti vya nyuma, akauliza mwenye kadi yuko wapi. Magari ya nyuma yalipiga honi. Loren aligeuza gari mbele ya watu waliomfahamu, akaenda kuegesha kwenye viwanja vya maonyesho ya mifugo nje ya mji, na kutoka huko akapanda basi lililonuka kile ambacho viwanja hivyo vilitengenezwa kwa ajili yake. Alifika kwenye kiti chake robo ya kwanza ikiwa imekwisha.

Ni vema ifahamike kwamba Loren alikuwa makamu mkuu wa shule ya sekondari ya mji, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwaita ofisini wanafunzi waliokamatwa wakinakili mitihani. Alikuwa na hotuba kuhusu tofauti kati ya jambo lisilokatazwa na jambo la heshima. Ilikuwa hotuba nzuri. Alikuwa ameitoa mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuisikia tena.

Mkuu wa shule alikuwa anastaafu Krismasi. Atakayemrithi angependekezwa na Craig Hollander, mkurugenzi wa elimu wa wilaya, mtu mwenye goti bovu na mapenzi makubwa kwa Korongo wa Wexler, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani. Hollander alikuwa amekwisha kusema, kwa sauti ya mzaha isiyokuwa ya mzaha, kwamba yeye hapandi mabasi ya mifugo. Loren alikuwa amemwalika kwenye mchezo wa Jumamosi. Alikuwa na viti viwili uwanjani, chake na cha baba yake, vyote vikiwa kwa jina la baba yake tangu enzi ambazo watu waliegesha kwenye shamba la majani. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuweka gari.

Wazo la kumchukua baba yake lilimjia akipiga mswaki, na mwanzoni lilikuja kwa sura ya upendo.

"Unamchukua kwa ajili yake au kwa ajili ya koni?" aliuliza mkewe, Janine, alipoelezwa, akiwa bado kitandani.

"Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli."

"Yanaweza," alisema Janine, akageukia ukutani.

Loren alimpigia baba yake simu. "Baba, Jumamosi nitakupitia twende kwenye mpira."

"Mpira wenyewe? Uwanjani?"

"Ndiyo, Baba. Vaa nguo za joto."

Alikata simu akijiambia kwamba hakuna neno la uongo alilolitamka, na kama angekuwa mwanafunzi amekaa mbele ya meza yake mwenyewe, angemwambia kwamba hesabu hiyo ya maneno ndiyo dalili.

*

Jumamosi asubuhi Mzee Emil alikuwa tayari mlangoni, na kwa maelezo ya muuguzi alikuwa hapo tangu kabla ya kifungua kinywa. Alikuwa amevaa koti la kijani la Korongo ambalo mabega yake sasa yalikuwa mapana kuliko mwili uliokuwa ndani, na amenyoa ndevu mwenyewe, kama kilivyoonyesha kipande cha karatasi ya chooni kilichoganda kidevuni. Mkono mmoja ulishika fremu ya kutembelea. Chini ya kwapa la mkono wa pili palikuwa na mto.

Loren aliujua mto huo. Ulikuwa wa turubai ya kijani, wenye mshikio, uliofifia katikati kwa miaka ya kukaliwa. Mabenchi ya uwanja wa Wexler ni ya chuma, na mtu anayekwenda kukaa huko mwezi Novemba hubeba mto. Mtu asiyekwenda kukaa huko hana haja nao. Loren aliutazama, akaelewa kila kitu alichopaswa kukielewa, na akasema, "Umependeza, Baba."

"Anakunywa ile dawa ya kupunguza maji mwilini," muuguzi alisema akimfunga mzee kifungo cha juu. "Msimweke mbali na choo. Akisema anataka kwenda, maana yake alitaka tangu zamani. Huwa hasemi mapema."

"Nimekusikia, mama," alisema Mzee Emil. "Unanitangaza kama hali ya hewa."

Walimpitia Hollander nyumbani kwake. Hollander, ambaye hakuambiwa kwamba angekuwapo mtu wa tatu, alishangaa kwa adabu na kusisitiza mzee akae mbele.

"Kaa, kaa, mwalimu," alisema Mzee Emil kutoka nyuma. "Mimi nikikaa mbele naanza kukanyaga breki ambayo haipo."

Foleni ya kuingia ilianzia kwenye kanisa la Mtakatifu Wenceslaus na kwenda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, tofauti ikiwa kwamba waliokuwemo walipiga honi. Kwenye bustani za nyumba watu walisimama na vibao vya maegesho, wakiwapungia wapita njia kama jamaa waliopotezana. Kwenye lango la Eneo la Kijani koni za kijani zilikuwa mpya kabisa. Verna Tuttle aliinama dirishani.

"Habari za asubuhi. Mwenye kadi yuko wapi?"

"Huyu hapa!" Mzee Emil alikipiga kwa mkono kiti cha mbele. "Mimi ndiye kadi yenyewe. Bila mimi hawa mabwana wawili wangekuwa kwenye basi la ng'ombe."

"Mzee Petrak! Mimi nilidhani ulishatutoka."

"Nilijaribu. Wakanirudisha mlangoni, wanasema huko juu maegesho yamejaa."

Verna alicheka hadi akashika paa la gari. Hollander alicheka. Loren naye alicheka, akiangalia mbele, na masikio yake yalikuwa ya moto.

Eneo la Saba, au la Kijani, lina desturi yake. Watu huegesha mahali palepale mwaka hata mwaka, hufungua nyuma za magari yao, huweka jiko la kuchomea nyama, na hujuana kwa undani kwa zile Jumamosi chache za vuli. Kwingineko wakikutana dukani hushindwa kukumbuka majina. Jirani wa Petrak alikuwa Duane Oberholt, mwuza matrekta, ambaye tayari alikuwa amesimamisha hema, runinga kubwa na jiko la soseji.

"Lo! Loren umeingia kwa lango la mbele leo, kama mtu aliyelelewa!" alipaza sauti. Kisha akamwona aliyekuwa anashushwa kutoka kiti cha nyuma, akaweka chini koleo la nyama. "Peg! Njoo uone nani kaja! Mzee mwenyewe!"

Mkewe Peg alitoka hemani na kumkumbatia mzee bila kuomba ruhusa. Duane alimgeukia Hollander. "Bwana, unamjua huyu? Enzi za baba yangu hapa palikuwa matope matupu. Mvua ikinyesha, magari yanazama hadi milangoni. Mzee huyu alikuwa anakuja na trekta lake, haangalii mpira hata, anavuta magari ya watu mmoja mmoja. Na ukimpa kitu anakasirika."

"Nilikuwa naangalia mpira," alisema Mzee Emil. "Nilikuwa naacha robo ya nne tu."

"Alimvuta baba yangu, na baba yangu alikuwa shabiki wa wale wengine!"

"Ndiyo maana nilimvuta haraka. Nilitaka aende kwao."

Walikula soseji. Mzee alikula nusu yake na kunywa kahawa, na kila baada ya muda aliugeukia uwanja, uliokuwa mkubwa na wa karibu sana kiasi kwamba haukuonekana wote kwa mara moja. Bendi ilipoanza kupiga ngoma ndani, aliweka kikombe chini, akashika fremu, akajinyanyua.

"Haya, twendeni. Tusikose bendi kuingia."

Alikuwa ameubeba mto.

Loren alikuwa amejiandalia maneno tangu Alhamisi na sasa aliyatoa kwa mpangilio mbaya. "Baba, ngazi za kule ni nyingi. Nimeonelea ubaki hapa kwa Duane. Ana runinga, utaona vizuri kuliko sisi. Na kile kiti, leo, Bwana Hollander ndiye... nimemkaribisha yeye."

Peg aligeuza soseji ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Hollander alisema, "Sikujua ni kiti chako, Mzee. Mimi ninaweza kabisa kubaki hapa."

"Baba hapendi tena kelele," alisema Loren.

Huu sasa ulikuwa uongo, kamili, usiohitaji mtu kuuchambua. Mzee Emil alimtazama mwanawe. Macho yake yalikuwa ya buluu hafifu na hayakuwa na hasira. Loren angeshukuru kama yangekuwa nayo.

"Kelele, ndiyo," alisema mzee. "Kichwa changu siku hizi." Kisha akamnyoshea Hollander mto. "Basi chukua huu, mwalimu. Lile benchi ni chuma, litakula goti lako."

Hollander aliupokea. Hakukuwa na namna ya kutoupokea.

*

Kuhusu mchezo wenyewe hakuna haja ya kusema mengi. Korongo walikuwa nyuma, wakasawazisha, wakarudi nyuma, na kwa sababu hiyo hakuna mtu aliyeondoka mapema. Wenye busara ya Wexler huondoka robo ya tatu, wakiacha ushindi na kuchagua barabara. Robo ya tatu ilipofika Loren aliiangalia saa, akaukumbuka uso wa muuguzi, akamtazama Hollander, ambaye alikuwa amekaa juu ya mto wa kijani akipiga kelele za furaha kama mtoto.

"Tukae hadi mwisho?" aliuliza Hollander.

"Hadi mwisho," alisema Loren.

Katika dakika za mwisho Korongo walishinda, na maelfu ya watu wakaamua kwenda nyumbani kwa wakati mmoja.

Waliporudi chini ya hema, Mzee Emil alikuwa amesimama akiegemea fremu yake, amefungwa vifungo vyote, uso ukielekea kule vilikokuwa vyoo vya plastiki. Vilikuwa mwisho wa eneo, nyuma ya safu za magari yaliyokuwa yanawashwa.

"Nipitie kule kwanza," alisema. "Peg alitaka kunipeleka mapema, nikasema nitakusubiri wewe. Si jambo la kumtwika mke wa watu."

Loren aliangalia vyoo, kisha foleni. Mbele ya gari lake palikuwa na nafasi ambayo ingetoweka pumzi moja baadaye. "Baba, tukichelewa sasa hivi tutakuwa wa mwisho. Dakika kumi tuko barabarani. Unaweza kuvumilia?"

"Ninaweza," alisema mzee, kwa kuwa aliulizwa kwa namna ambayo jibu lilikuwa ndani yake.

Zile dakika kumi ziliisha kabla hawajatoka langoni. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba polisi wa barabarani waliagizwa kwa redio kulifungulia Eneo la Saba baada ya Eneo la Sita, kwamba askari waliopewa zamu siku hiyo walitoka wilaya jirani, na kwamba walilitafuta Eneo la Saba kwa koni zake za machungwa bila kuliona. Eneo la Kijani halikuwa katika maagizo yao. Walilizuia, kwa uangalifu mkubwa, hadi maeneo mengine yote yalipokwisha kutoka.

Walipoingia hatimaye Barabara ya Chestnut, giza lilikuwa linaanza, na barabara hiyo nayo ilikuwa imesimama. Magari ya njia mbili yalikuwa yakiingia katika njia moja kwa zamu, na kila dereva alikodolea macho bamba la gari la mbele ili asimwone aliyekuwa akiomba kupita. Redioni mtu alikuwa anarudia mchezo wote.

"Asante kwa mto, Mzee," alisema Hollander, akiurudisha nyuma juu ya bega lake. "Umeniokoa."

"Umekalika vizuri?"

"Vizuri sana."

Walisogea kama urefu wa gari moja. Mzee Emil alisema, kwa sauti ya chini, "Loren."

"Tunakaribia, Baba."

"Sawa."

Walisogea tena, kidogo zaidi ya hapo awali. Katika kioo Loren aliuona uso wa baba yake. Ulikuwa umekakamaa na umelowa jasho, na kilichomsikitisha, kilichomrudia baadaye wiki nzima, ni kwamba jambo la kwanza alilolifikiria lilikuwa kwamba Hollander naye angeweza kuuona kama angegeuka.

Mkono wa kulia palikuwa na nyumba ya mbao yenye kibaraza, taa imewashwa, bustani yake imeanza kuwa tupu baada ya magari yaliyoegeshwa hapo kuondoka. Mwanamke mnene aliyevaa fulana ya Korongo juu ya sweta alikuwa akikusanya vibao. Mzee Emil alikuwa ameteremsha kioo apate hewa. Mwanamke alimwona.

"Haloo! Huyo mzee wenu yuko salama?" aliita. "Uso wake umekuwa kama karatasi. Mlete, mwanangu! Choo kiko hapo tu mlangoni, ingiza gari kwenye majani, sitakudai chochote!"

Njia ilikuwa wazi. Ilikuwa ni kukata usukani na kupanda ukingo wa barabara, basi. Na ilikuwa ni kuitoa nafasi katika foleni, kisha kuomba kurudishwa na watu ambao tangu jioni ianze hawakuwa wamemrudisha yeyote. Hollander alikuwa ametaja, mara moja tu na kwa upole, kwamba mkewe alikuwa na wageni wa chakula cha jioni. Sasa alisema, "Amua wewe, Loren."

Gari la mbele lilisogea. Aliye nyuma alipiga honi.

"Tunashukuru, mama!" Loren alipaza sauti kupitia dirishani. "Tuko sawa!"

Akasogea mbele kuijaza ile nafasi. Mwanamke alibaki amesimama na vibao vyake mkononi, akiwatazama kwa mshangao usiofichwa. Nyuma, kioo kilipanda polepole hadi kikafunga.

Kilichofuata hakikuwa na sauti. Palikuwa na mkwaruzo mdogo wa turubai, mzee akijisogeza. Baada ya muda palikuwa na harufu. Hollander alifungua kioo cha upande wake, kidogo tu, akaongeza sauti ya redio, kama mtu ambaye ghafla amevutiwa na takwimu.

"Loren," alisema Mzee Emil. Hakuwa ananong'ona tena, hakukuwa na sababu. "Samahani, mwanangu. Nimewahi kuuweka mto chini yangu. Kiti chako hakijapata kitu."

Loren alifungua mdomo. Katika ofisi yake, wanafunzi waliokamatwa walikuwa na tabia ya kufungua mdomo hivyohivyo, na yeye alikuwa na desturi ya kusubiri, kwa subira aliyojivunia, waone wenyewe kwamba hawana la kusema. Aliona.

"Ni mambo ya kawaida, Mzee," alisema Hollander, bila kugeuka. "Baba yangu alikuwa vilevile."

"Mwanangu ni mtu mwema," alisema Mzee Emil, akimwambia Hollander. "Watu wengine pale tunapokaa hawachukuliwi kwenda popote. Ulizeni."

Foleni ilisogea. Barabara iliyofuata ilikuwa wazi kabisa.

Hollander alishuka kwake. Kabla ya kufunga mlango aliinama, akamshika Loren mkono kwa nguvu isiyo ya kawaida. "Namna unavyomtunza mzee wako," alisema. "Si wengi, Loren. Jambo kama hilo linaniambia mengi kuhusu mtu."

Alisema kweli kwa nia njema, na Loren aliukamata mkono huo na kusema asante.

Kwenye nyumba ya wazee, muuguzi yuleyule alitazama mara moja na hakuuliza. Alileta kiti cha magurudumu na shuka. Loren alishika fremu, akashika mto kwa ncha ya mshikio wake, na hakujua aufanye nini. Muuguzi aliuchukua mkononi mwake, akautia katika mfuko wa plastiki na kuufunga fundo.

"Mlikuwa mbali na choo?" aliuliza sasa.

"Foleni," alisema Loren.

Mzee Emil alikuwa amekwisha kufunikwa miguu. Koti lilikuwa bado limefungwa vifungo vyote. Kile kipande cha karatasi kidevuni kilikuwa kimedondoka, na pale palipokatwa palionekana padogo na pasafi.

"Jumamosi ijayo tunacheza na wale wa Decker," alisema. "Watu watakuwa wengi zaidi. Mtanihitaji tena?"

Hakukuwa na kijembe katika swali hilo. Loren alikitafuta kwa muda mrefu, usiku ule na nyakati nyingine, akitumaini kukipata. Baba yake alikuwa amejua tangu kwenye simu, au tangu langoni, au labda tangu alipoutoa mto. Alikuwa amejua yeye ni nini katika safari hiyo, na alikuwa amekubali kwa kuwa ilikuwa safari.

"Nitakupigia simu, Baba," alisema.

"Nipigie mapema. Nahitaji muda wa kunyoa."

*

Jumatatu, baada ya saa za kazi, Loren Petrak alikwenda mwenyewe katika Ofisi ya Usafiri na Maegesho, akaiweka kadi ya buluu juu ya kaunta, na kumweleza karani kwamba anataka kujishtaki. Karani alimwomba arudie. Alirudia. Alieleza misimu miwili ya kuitumia kadi bila mwenyewe, na Jumamosi moja ya kumtumia mwenyewe kama kadi. Alieleza kuhusu vyoo, na foleni, na yule mama wa kibarazani. Karani alikuwa na kifungu cha watu wanaolalamikia faini na kifungu cha watu wanaolalamikia magari ya wenzao, na baada ya kutafakari alimweka katika cha pili, akimwandika pande zote mbili, wa mlalamikaji na wa mlalamikiwa.

Hakumwambia mkewe kwa nini alikwenda. Janine hakuuliza, alikuwa amekwisha kulisafisha gari lililokuwa halihitaji kusafishwa, na funguo alizirudisha mezani. Hollander alipiga simu katikati ya wiki kusema kwamba jina moja tu, la Loren, lilikuwa limepelekwa kwenye bodi, na Loren alisikiliza akiwa amesimama, kama mtu anayesomewa hukumu, akasubiri sehemu iliyobaki, nayo haikuja. Mara mbili alishika simu ampigie baba yake. Mara zote mbili aliirudisha, kwa kuwa hakujua kama kumwacha mzee nyumbani kungekuwa heshima au adhabu, na kama kumchukua kungekuwa zawadi au kazi. Ijumaa muuguzi ndiye aliyempigia, kuuliza kama kuna safari, maana mzee alikuwa ameomba wembe mpya.

Jibu la chuo lilifika siku hiyohiyo. Lilisema hivi:

"Kamati ya Rufaa za Maegesho, baada ya kuketi na kuyapitia maelezo ya Bw. L. Petrak dhidi ya Bw. L. Petrak, imeamua kama ifuatavyo. Kuhusu misimu iliyopita, Kamati haina mamlaka juu ya magari ambayo hayapo tena mahali yalipoegeshwa. Kuhusu Jumamosi husika, Kamati imejiridhisha kwamba mwenye kadi alikuwemo garini wakati wa kuingia na alikuwemo wakati wa kutoka. Kanuni haina masharti mengine juu ya mwenye kadi. Hakuna kosa lililotendeka, na kadi inarejeshwa pamoja na uamuzi huu, ikiwa halali hadi mwisho wa msimu. Kuhusu vyoo, suala hilo linaihusu idara nyingine, ambayo imearifiwa kwamba halituhusu sisi. Aidha, kutokana na mkanganyiko uliojitokeza, koni za kijani zitaondolewa kuanzia Jumamosi hii na mahali pake zitarudishwa za rangi ya machungwa. Eneo litaendelea kuitwa Eneo la Kijani."